Matone Kumi Chini ya Ulimi

Ha Rantsho, Mokhotlong
12 Mei 1996

Dada Lineo,

Chupa imefika. Moeletsi mchukuzi aliificha ndani ya soksi, soksi ndani ya buti, na buti lenyewe hakulivua tangu mpakani, kwa hiyo tuliifungulia nje ya nyumba. Karatasi yako ya "dawa ya kikohozi" iliwadanganya polisi, lakini Mama haikumdanganya. Alinusa kizibo akasema, "Hii ni bangi ya shamba langu la bondeni, imelewa." Baridi yabisi imemharibu vidole na nyonga, pua haijaigusa.

Nilimpa kama ulivyoagiza: matone kumi chini ya ulimi, asimeze mpaka ahesabu sitini. Alilalamika yanachoma. Nusu saa ikapita hajasikia kitu, akaanza kukusema kwamba majani mazuri yale umeyaharibu bure. Nilitaka kumwongezea, nikakumbuka onyo lako kuwa matone hayaji haraka kama moshi, na anayeongeza kabla ya saa mbili kwisha atajuta. Nikangoja. Baadaye nikamwona anatazama mikono yake. Anakunja vidole, anavikunjua. Vidole hivyo tangu Krismasi havijafunga pini ya blanketi. Akaifunga pini, akaifungua, akaifunga tena, halafu akacheka peke yake kama msichana aliyeiba sukari. Mdomo ulimkauka nikampa maji, macho yakawa mekundu, kisha ikaja njaa. Alikula mabakuli mawili ya ugali wa papa na mboga za moroho akaulizia la tatu.

Alipojilaza alinishika mkono akasema, "Lineo, mwanangu, umekuja. Mikono yako ina joto." Nikamwambia ni mimi, Puseletso. Akasema, "Ndiyo, Lineo." Basi nakufikishia salamu, maana ni zako.

Majani mengine yatakuja na Moeletsi chini ya maharage.

Mdogo wako,
Puseletso

*

Bloemfontein
30 Mei 1996

Puseletso mdogo wangu,

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kufulia, mara tatu, nikalia mpaka Bibi Venter akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, mama yangu amefunga pini. Hakuelewa. Yeye wanawe wako ng'ambo na mimi ndiye ninayemfunga vifungo.

Niandikie tena yale maneno, sawasawa kama alivyoyasema. Alitazama mlangoni aliposema nimekuja? Alitaja jina langu mara ngapi? Kila siku ukimpa, niandikie alichosema, hata kama ni neno moja. Usinifiche kitu. Nina miaka minne sijamwona, na nilidhani amekwisha kuninunia kwa kukaa huku. Kumbe ananikumbuka.

Ulitaka kujua ninavyotengeneza. Bibi akienda kanisani nayatandaza majani kwenye sinia na kuyaweka jikoni kwenye oveni, moto mdogo, mpaka harufu ya nyasi igeuke kuwa ya karanga. Bila hivyo pombe itachukua rangi tu na kuacha nguvu. Halafu nayatia kwenye mtungi wa kioo pamoja na spiriti kali, natikisa kila asubuhi kwa wiki tatu, nachuja kwa soksi ya nailoni. Yote yamo kwenye daftari la marehemu mume wake, aliyekuwa mfamasia. Bibi mwenyewe ananywa yake kwa ajili ya magoti na anadhani ni ya mitishamba ya Kijerumani.

Mgeuze Mama ubavu kila saa chache. Mto wa chini uwe mgumu. Na usiruhusu shangazi ampe kahawa.

Dada yako,
Lineo

*

Ha Rantsho
23 Juni 1996

Dada Lineo,

Ulitaka maneno yote. Haya, kinga mikono.

Tarehe nne alisema, "Lineo alikuwa anasuka nywele zangu bila kunivuta." Tarehe saba alisema, "Lineo hajawahi kuunguza papa." Siku hiyo papa nilikuwa nimeipika mimi. Tarehe kumi na mbili alicheka mpaka machozi akikumbuka jinsi ulivyopanda punda wa katekista ukiwa na miaka sita. Mimi nilikuwepo siku ile, nilikuwa nyuma yako juu ya punda huyo huyo, ndiye niliyeanguka. Nina kovu. Kwenye hadithi yake punda ana mtu mmoja tu.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Walidanganya. Hapa kwetu asiyekuwapo ndiye mwenye nyumba. Ulizaliwa na bahati hiyo. Siku anaolewa Mama, wakwe kwa mila yetu walimpa jina la 'Malineo, mama wa Lineo, wewe hata mimba yako haijatungwa. Ulikuwa unangojwa. Mimi nilikuja baada ya yule mtoto wa kiume aliyekufa, wakaniita Puseletso, yaani fidia. Kijiji kizima kikimwita mama yangu kinakutaja wewe. Jirani anakuja na maziwa, "'Malineo, umeamkaje?" Padri anakuja, "'Malineo, tusali." Na anayebeba beseni la haja ni nani? Nitakukumbusha jina lake maana naona limesahaulika.

Nikuambie jambo ambalo hutalipenda. Akishikwa na maumivu ananiita mimi. Puseletso maji. Puseletso mgongo. Puseletso, umekufa huko nje? Maumivu yakiondoka, na mimi naondoka pamoja nayo, unabaki wewe umekaa kitandani mikono yako ina joto.

Lakini usijisumbue kutuma chupa nyingine haraka. Siku hizi matone hayamsaidii tena. Nadhani mwili umezoea.

Puseletso

*

Bloemfontein
6 Julai 1996

Puseletso,

Barua yako umeichovya kwenye pilipili. Nimeamua kutokujibu yale ya punda. Najua umechoka, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sijui uzito wake. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo maana natuma hiki ninachoweza kutuma.

Nimepata wasiwasi kwa habari ya mwili kuzoea. Mara hii nimetengeneza kali. Nimechuja mtungi uliokuwa tayari, halafu kwenye spiriti ile ile nikaloweka majani mengine mapya kwa siku chache. Rangi yake ni kama lami. Nilijaribu tone moja mwenyewe baada ya chakula cha mchana, na nilipiga pasi shati moja kuanzia saa nane mpaka saa kumi nikiwa na furaha kubwa.

Kwa hiyo nisikilize. Matone matatu tu. Si kumi. Onyo naliandika humu ndani ya barua na si kwenye chupa, kwa sababu ya polisi wa mpakani. Chupa inasema kikohozi kama kawaida. Akizidishiwa, moyo utamwenda mbio na ataogopa vitu visivyokuwepo. Hakuna anayekufa kwa hilo, lakini atatamani. Ikitokea, mpe maji ya sukari, mfunike, kaa naye, mwambie kila mara kwamba itapita.

Je, bado ananitaja? Barua yako ya mwisho ilikasirika kabla haijafika hapo.

Lineo

*

Ha Rantsho
21 Julai 1996

Lineo,

Ni mimi shangazi yako Mpolokeng. Nimeandika mwenyewe, kwa hiyo ukiona matusi ujue ni yangu.

Mdogo wako alivimba gego. Jumatatu akaenda mjini Mokhotlong kung'olewa, akasema atarudi kesho yake. Theluji ikafunga mlima siku tano. Nikabaki na mama yako. Kabla hajaondoka nilimuuliza habari ya dawa, akasema kijiko kimoja cha chai asubuhi na kimoja jioni. Nikauliza si matone? Akasema kijiko, shangazi, mimi ndiye ninayempa. Nikampa kijiko. Mama yako akaendelea kugugumia kwa maumivu siku mbili, nikasema moyoni hii dawa ya Bloemfontein ni ya bure.

Jumatano Moeletsi akapita na farasi kwa njia ya mpakani, ambayo haikufungwa, akaleta chupa mpya na barua. Barua imeandikwa Puseletso. Mimi sifungui barua za watu. Ya zamani ilikuwa imebaki kidogo chini, na baridi ile ilikuwa inamtafuna mama yako mifupa, nikafungua mpya. Kijiko. Saa nzima ikapita, hakuna kitu. Nikampa cha pili.

Basi akaenda. Hiyo ilikuwa saa sita mchana. Alishika ukuta akasema nyumba inateremka bondeni tuishike. Moyo wake niliuona ukipiga juu ya blanketi. Akatapika. Akalia kwamba amekufa tangu jana na hakuna aliyekuwa na adabu ya kumwambia. Nikampa maji ya sukari kwa akili yangu mwenyewe, nikapanda kitandani na viatu vyangu nikamkumbatia kwa nyuma, maana kila nilipomwachia alitaka kutoka nje kwenye theluji.

Na alikuwa anatoka kumtafuta Puseletso. Kutwa nzima jina ni hilo moja. Puseletso yuko wapi. Ametoka bila viatu, theluji itamla vidole. Mwiteni Puseletso, mimi sijui kulala asipokohoa huko jikoni. Nikamwambia, 'Malineo, mimi ni wifi yako Mpolokeng. Akanigeukia akanipapasa uso, akasema, "Puseletso mwanangu, mbona umezeeka hivi." Wewe hakukutaja hata mara moja. Samahani, naandika kilichosemwa.

Ng'ombe waliporudi alikuwa ametulia. Alilala siku mbili, akaamka, akadai uji wa mtama. Mzima kabisa.

Sasa sikiliza. Nilijiuliza kwa nini chupa moja inalaza ng'ombe na nyingine haimlazi hata kuku. Nikaionja ile ya zamani. Chai. Chai ya rangi yenye harufu ya pombe kwa mbali. Mtoto yule amekuwa akimnywesha mama yake chai.

Aliporudi Jumamosi shavu limefungwa kitambaa, sikumwambia neno. Si la chupa, si la mama yake, si la kuitwa kwake. Mama yake mwenyewe hakumbuki kitu cha siku ile. Nikamwonyesha kijiko na chupa mbili mezani, akaelewa, nikachukua blanketi langu nikaenda kwangu. Muulize wewe. Mimi nikimuuliza nitampiga, na hana gego.

Mpolokeng

*

Bloemfontein
28 Julai 1996

Puseletso,

Shangazi ameniandikia yote. Chai?

Miezi miwili mimi nakaa na mtungi ule chini ya kitanda kwenye nyumba ya watu, nikikamatwa nakwenda jela, na wewe unamwaga dawa na kutia chai. Nilipokuuliza ukaniandikia mwili umezoea. Umekaa kando ya mama yetu ukamwangalia anaumia, na dawa ilikuwa juu ya kabati. Hata Bibi Venter, ambaye si damu yangu, sijawahi kumfanyia hivyo.

Ningejua sababu labda ningelala. Niandikie sababu, na usinipe ya punda.

Aliyekuwa anamwita siku ile alipodhani anakufa, unaweza kumkisia mwenyewe. Sina haja ya kukuandikia.

Lineo

*

Ha Rantsho
11 Agosti 1996

Dada Lineo,

Ndiyo, chai.

Nilianza kidogo. Ile siku ya papa iliyoungua nilipunguza matone yakawa saba. Akanitaja mara moja, akaniambia nimkune mgongo. Nikapunguza tena. Halafu nikaona aibu ya kuhesabu matone machache machache, nikamimina karibu chupa nzima kwenye ile tupu ya mafuta ya taa, nikajaza chai, nikaacha matone nikahamia kijiko ili ionekane ni dawa nyingi. Shangazi nilimwambia kijiko kwa kuwa sikuweza kumwambia kweli. Gego lilikuwa linaniuma, na nilikuwa na haraka. Mchuma janga hula na wa kwao, na aliyekula mara hii ni Mama.

Umeuliza sababu. Sikutaka aumie, Lineo. Nilitaka aniite. Lakini nitakuandikia na lile la pili, kwa sababu nimechoka kulibeba. Siku nilipoona vidole vyake vimejikunja tena, na pini imemshinda, na amegeuka kunitafuta kwa macho, moyo wangu ulitulia. Sikuhuzunika. Nilitulia. Nilikaa pale nikamfunga pini mimi mwenyewe nikajisikia mtu. Hilo ndilo padri hajaambiwa.

Ya kwamba alikuita wewe siku ile, nilijua bila kuambiwa. Shangazi hajanipa hata neno moja, akiniona kisimani anageuza ndoo. Usiwe na wasiwasi, halinishangazi. Mtu akizama huita anayempenda, haiti anayemletea beseni.

Barua yako ya onyo niliisoma niliporudi. Sasa nampa matone matatu, sipunguzi wala siongezi, na anahesabu sitini kwa sauti. Pini anafunga. Jana alipanga maharage kwenye kitambaa, mazuri huku, mabovu huku, kazi ya saa tatu, na alisema imekuwa ya dakika tano. Halafu akaniangalia na yale macho mekundu, akasema, "Lineo, umekuja?"

Nikaitika. Nikasema, "Nimekuja, Mama." Akauliza kama yule bibi wa watu ananilisha vizuri. Nikasema ananilisha. Akanishika shavu, upande huu lilipong'olewa gego, akasema nimekonda, nisikae sana huko, mdogo wangu ana kazi nyingi. Nikasema nitarudi karibuni. Akalala ananishika kidole.

Nimekuandikia alichosema, kama ulivyotaka. Nitaitika hivyo kila siku. Kwangu si adhabu tena. Ni kazi kama nyingine za humu ndani, na mimi ndiye niliyepo.

Puseletso

*

Bloemfontein
25 Agosti 1996

Puseletso,

Humu ndani nimeweka barua ya shangazi. Isome yote, halafu rudi hapa.

Umeona. Hakuniita. Alikuita wewe, kuanzia saa sita mchana mpaka ng'ombe wanarudi. Alitaka kutoka nje kwenye theluji kwa ajili ya viatu vyako. Barua hiyo imekaa chini ya godoro langu mwezi mzima. Nilipokuandikia kwamba unaweza kumkisia mwenyewe, nilikuwa nimeikalia. Nilijua utakisia nini, na ndicho nilichotaka.

Ulikiri kwamba ulitulia ulipoona vidole vinajikunja. Nami nikiri yangu. Nilipoisoma ile ya shangazi, kabla sijauliza kama Mama yu mzima, nilisoma tena mstari wa jina. Nikahesabu. Langu halipo. Nikakuonea wivu kwa siku ambayo mama yetu alidhani nyumba inaporomoka. Hebu fikiria mtu wa namna hiyo. Na chupa zile zote, Puseletso, nilikuwa nazitengeneza kwa ajili ya nyonga zake, hiyo ni kweli, lakini kila asubuhi nikitikisa mtungi nilikuwa nasema, leo atanitaja. Ile kali niliitengeneza nikiwa na hofu kuwa ameacha. Kwa hiyo usijibebeshe yote peke yako. Chai ni yako, lami ni yangu.

Nadhani Mama anamwita yule ambaye hayumo chumbani. Hakuna zaidi ya hapo. Mimi sijawahi kuwemo chumbani kwa miaka minne, ndiyo maana nilipata mengi, nikayahesabu kama mapenzi. Wewe ulitoka siku tano tu akakutafuta mpaka mlangoni. Nimelifikiria hili sana na bado linaniuma. Mimi walimpa jina langu kabla sijazaliwa, lakini ambaye Mama hawezi kulala bila kusikia kikohozi chake ni wewe.

Nimeomba ruhusa kwa Bibi Venter, amekataa. Amelia, kisha amesema nikienda nisirudi. Nimemwachia chupa yenye maelekezo kamili, nimefunga sanduku. Nitavuka mpaka Alhamisi na Ijumaa mchana nitakuwa hapo, theluji ikipenda.

Usimwambie Mama. Na usimcheleweshee matone kwa ajili yangu, mpe saa yake ile ile, nitaingia yakiwa yameshamkolea. Wewe toka kidogo, nenda hata kisimani, ukamtazame shangazi na ndoo yake. Nataka niingie peke yangu nimshike mikono. Akiniita Puseletso, nitaitika.

Dada yako,
Lineo